Korongo wametua shambani na mvua bado: wao ndio wanaileta au mvua ndiyo inawaita?

#1 Mkulima_Mbulumbulu
Habari zenu wakuu. Niko Karatu, upande wa Mbulumbulu. Tangu juzi korongo wameshuka kwenye shamba ninalolima. Nimewahesabu nikafika mia mbili na kitu nikapoteza hesabu, maana hawatulii. Wanatembea nyuma ya trekta kama vibarua: hatua mbili wanadonoa, hatua mbili wanadonoa. Vumbi tupu, mvua haijadondosha hata tone.

Baba yangu, mzee wa miaka themanini na kitu, alipowaona akasema toeni mbegu. Kwake korongo wakitua, wiki haiishi kabla mvua haijanyesha. Mama mdogo anabisha. Yeye anasema korongo hawaleti mvua, mvua ndiyo inawaita: inanguruma huko mbali, wao wanaisikia kabla yetu.

Mimi nina mbegu ndani niliyonunua kwa mkopo wa kikundi. Nikipanda kwenye vumbi na mvua ikachelewa, mchwa na panya watamaliza kila kitu. Naomba wanaojua waniambie nani anamfuata nani.

#2 KitindaMimba
Nilivyosoma kichwa cha habari, na nikaona Karatu, nikajua korongo limemeguka limeingia shambani. Nikaanza kukupa pole. Kumbe ni wa kuruka. Nakaa hapa nijifunze.

#3 Mwalimu_wa_Baiolojia
Mkuu, mzee wako namheshimu, ila sayansi iko wazi. Hao korongo weupe wamezaliwa Ulaya: Poland, Ujerumani, Ukraine na nchi za jirani. Huondoka kwao mwezi wa Agosti. Hupita Uturuki kwenye mlango wa Bosporus, hushuka Syria na Sinai, kisha hufuata Nile. Hawakati Bahari ya Kati kwa sababu hawapigi mbawa safari nzima. Hupanda juu kwa hewa ya moto inayotoka ardhini, halafu huteleza, na juu ya bahari hewa hiyo haipandi vizuri.

Kinachowaondoa Ulaya ni urefu wa mchana. Mchana ukianza kupungua, homoni mwilini hubadilika na ndege hawezi kutulia tena. Sasa korongo aliyeondoka Poland mwezi wa nane atajuaje kama Karatu itanyesha mwezi wa kumi na moja? Hajui. Ni mambo mawili yanayokutana kwenye kalenda moja, basi.

#4 Binti_Nzega
Nakazia ya mwalimu. Vuli ya 2021 nilikuwa naishi Simanjiro. Korongo walikuja kama kawaida, tena wengi. Mvua haikuja. Ng'ombe walikufa njiani na korongo walikuwa wanatembea katikati ya mizoga. Tangu siku hiyo mtu akiniambia korongo ni dalili ya mvua, namsikiliza kwa adabu lakini sipandi.

#5 Mwongoza_Watalii
Kabla hatujaenda mbali, tuulizane kwanza ni korongo gani, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Kazi yangu ni kutembeza wageni Serengeti na Ngorongoro, na mwezi wa kumi na moja tunawapata wa aina mbili.

Kuna korongo mweupe wa Ulaya: mkubwa, mwili mweupe, ncha za mbawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Huyo ndiye anayemsema mwalimu. Halafu kuna korongo wa Abdim: mdogo zaidi, mgongo mweusi unaong'aa, tumbo jeupe, ngozi ya uso ina rangi ya bluu. Huyu hajawahi kuiona Ulaya. Anatoka ukanda wa Sahel, kuanzia Senegal hadi Sudan na Ethiopia. Anazaa kule wakati wa mvua zao, kati ya Mei na Septemba, kisha anashuka kwetu mvua zetu zinapoanza.

Na huyu wa Abdim kule Sudan hujenga kiota hadi juu ya nyumba za watu, hawamgusi, kwa sababu nao wanasema ndiye anayewaletea mvua! Watu wa pande mbili za ikweta wanampa sifa ileile. Mimi nasoma hapo kwamba ni ndege anayeishi kwa kufukuzia mvua, huku na huku, mwaka mzima.

Mkulima, hao wako wana miguu rangi gani?

#6 Mkulima_Mbulumbulu
Nimewasogelea mpaka kama hatua thelathini. Mwili mweupe, ncha za mbawa nyeusi, mdomo mwekundu. Lakini miguu si myekundu, mkuu. Ni myeupe, kama wamekanyaga chokaa. Wengine mguu mmoja mweupe wote, mwingine una wekundu kidogo juu ya goti. Nimechanganyikiwa.

#7 Mwongoza_Watalii
Basi ni weupe wa Ulaya, na uliyoyaona ni kinyesi. Jua likiwa kali korongo hujinyea miguuni kwa makusudi. Maji yaliyomo yakikauka yanaondoa joto, kama sisi na jasho. Kinachobaki ni ile chokaa. Asubuhi na mapema utaiona miguu myekundu zaidi, saa nane mchana myeupe.

Na mwalimu, naomba nikurekebishe kidogo. Ni kweli wanaondoka Ulaya mwezi wa nane. Lakini hawaji kwetu moja kwa moja. Waliofungwa vifaa vya satelaiti wameonyesha wanakaa Sudan na Chad wiki nyingi, wakila nzige na panzi, na kule kunapokauka ndipo wengine wanashuka Afrika Mashariki na wengine wanaendelea hadi kusini mwa bara. Kwa hiyo kipande cha kwanza cha safari wanaongozwa na kalenda, nakubali. Kipande cha pili wanaongozwa na tumbo. Mzee wa Karatu si wa kutupwa haraka hivyo.

#8 Mwalimu_wa_Baiolojia
Nimepokea, asante. Hilo la kituo cha Sudan nililiruka. Lakini kufuata chakula si kutabiri mvua. Wamekuja kwa mkulima na vumbi bado linapepea. Wanakula nini hapo?

#9 BwanaShamba_Mstaafu
Nijibu mimi, nimefanya kazi hiyo miaka thelathini. Trekta likipita kwenye ardhi iliyolala linafukua nyenje, mbawakawa na wale funza weupe wanene wa ardhini. Kwa korongo hiyo ni karamu, mvua iwepo isiwepo.

Ila karamu kubwa inakuja baadaye: viwavijeshi. Nondo wake husafiri usiku kwa upepo. Wakikutana na mvua ya radi wanashuka pamoja na kutaga mahali pamoja. Wiki mbili tatu baadaye majani yanatambaa. Maeneo ya kaskazini na kati ya nchi yetu ni kati ya yale ambako milipuko ya kwanza ya msimu huanzia, Novemba na Desemba. Nimewahi kuona shamba lililovamiwa, tunasubiri dawa kutoka mjini, korongo wakatua saa nne asubuhi. Hadi jioni ungelazimika kutafuta kiwavi.

Kwa hiyo jibu langu: korongo hafuati mvua wala haileti. Anafuata wadudu, na wadudu ndio wanaofuata mvua. Ukiona korongo amekaa siku nyingi sehemu moja, kague majani ya mahindi yako chini chini.

#10 Mgeni_Ujerumani
Nawasalimu kutoka kaskazini mwa Ujerumani. Niongeze kitu kimoja ambacho kilinigusa sana nilipokiona.

Zamani Wazungu hawakujua korongo wanaenda wapi. Tangu enzi za Aristotle walikuwepo waliosema ndege wengine hulala usingizi wakati wa baridi, na baadaye wengine wakaamini mbayuwayu hujizika kwenye tope la maziwa. Mwaka 1822, kijiji cha Klütz, wakampiga risasi korongo mmoja. Walipomsogelea wakakuta mkuki wa mti umepenya shingoni, urefu wake kama sentimita 80, ukitokea upande wa pili. Mti ule na kazi ile ya mikono vilikuwa vya Afrika. Ndege alichomwa mkuki huko kwetu Afrika, akaruka nao hadi Ujerumani. Yuko mpaka leo, amekaushwa na kuwekwa Chuo Kikuu cha Rostock. Nilisimama mbele ya kabati lile la kioo muda mrefu. Nilimwaza aliyeurusha ule mkuki, akirudi nyumbani akiwaambia watu nimempata, ameruka nao. Nani alimwamini?

Kuhusu baridi: si kweli kwamba baridi ndiyo inawafukuza. Agosti hapa bado ni joto na vyura wamejaa. Na miaka hii korongo wengi wa magharibi hawavuki tena kwenda Afrika. Wanabaki Hispania, wanakula kwenye madampo ya taka na kamba wa kwenye mashamba ya mpunga. Kama ni mwili na urefu wa mchana peke yake, wale wa Hispania wangebaki vipi?

#11 KitindaMimba
Mkuu #10 hiyo ya mkuki imenitoa machozi. Kumbe babu zetu ndio waliowajibu Wazungu swali lao, tena kwa mkuki.

#12 Mzee_wa_Chole
Salaam alaykum wanangu. Mimi ni mvuvi, niko Mafia. Nyie wa bara mnazungumza mvua, mvua. Sisi huku ndege tunawapima kwa upepo na maji.

Kusi likianza kulegea, vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wanaanza kuonekana kwenye fungu la mchanga. Kaskazi likishika, wamejaa. Vitwitwi, sululu (ndege, si ile ya kuchimbia), na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayekula kaa. Maji yakipwa wanasambaa kwenye tope, maji yakijaa wanabanana kwenye kichanga kimoja, wote wakitazama upepo unakotoka. Bamvua likiwa kubwa unaweza kuwafikia karibu sana.

Sasa nawaambia nilichokiona kwa macho. Kabla kusi halijarudi, kama mwezi wa nne, wale vitwitwi waliokuja na rangi ya majivu wanageuka wekundu kifuani, wekundu wa tofali. Wananenepa hata mwendo wao unakuwa mzito. Jioni moja, jua likizama, kundi linanyanyuka likilia, linazunguka mara mbili tatu, linashika kaskazini. Kesho yake fungu ni kimya. Wanaondoka upepo unapogeuka. Jahazi nazo ziliondoka hivyohivyo kurudi Arabuni. Mnataka elimu gani zaidi?

#13 Mwalimu_wa_Baiolojia
Shikamoo mzee. Upepo unawasaidia, hilo halina ubishi. Lakini swali langu ni moja: je, hamna wanaobaki?

#14 Mzee_wa_Chole
Marahaba. Wapo. Wachache, na hao hawageuki wekundu. Wanashinda kusi lote hapa, wamekonda.

#15 Mwalimu_wa_Baiolojia
Hao ni vijana wa mwaka wa kwanza, hawajafikia kuzaa. Mida Creek kule Watamu, Kenya, wanajulikana vizuri. Upepo unavuma kwa wote, wengine wanaondoka na wengine hawaondoki. Ndiyo maana nasema msukumo unatoka ndani ya mwili.

#16 Mtaita_Halisi
Nawapa ya Tsavo. Kuna kilima kinaitwa Ngulia, Tsavo Magharibi, na kuna loji pale. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, usiku usio na mwezi na ukungu ukitanda, ndege wadogo wanaopita juu wakielekea kusini wanavutwa na taa. Wanashuka maelfu. Tangu 1969 watu wanakuja pale kila mwaka kuwanasa kwa nyavu laini, kuwavisha pete mguuni na kuwaachia.

Nilisaidia kubeba vifuko msimu mmoja. Ukimshika mkononi, kandege kazito kama kijiko cha sukari, unasikia moyo wake kama simu inayotetema. Ametoka Urusi huko, bado anaenda Msumbiji au Zambia. Na usiku huo hapakuwa na jua, nyota wala alama ya chini ya kumwonyesha njia.

Kuna kamoja ka rangi ya udongo, ka kwenye matete, ambako dume lake likirudi Ulaya linaimba kwa kuiga ndege wengine. Utafiti wa Ubelgiji uliochapishwa 1979 ulihesabu kwa wastani spishi 76 kwa dume mmoja, na 45 kati ya hizo ni ndege wa Afrika. Maana yake kuna mtu Ubelgiji anaamka asubuhi anasikia sauti za ndege wa kwetu bila kujua.

#17 Mwana_Kisauni
Sijasikia mtu akitaja kereng'ende. Hapa Mombasa mvua za vuli zikikaribia, kereng'ende wanajaa hewani. Mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza mwaka 2009 kwamba wale wanaopita kule kwao kuanzia Oktoba wanatoka India na wanavuka bahari kuja Afrika kwa upepo wa juu, wakifuata mikanda ya mvua.

Na kuna kozi wa Amur, kozi mdogo anayezaa kaskazini mwa China na Siberia. Anapumzika Nagaland, India, kisha anavuka Bahari ya Hindi bila kutua, kama kilomita 3,000, anaingia Somalia na kupita kwetu kwenda kusini. Nagaland 2012 walikuwa wanawanasa kwa nyavu kwa maelfu kwa ajili ya kula. Kelele zikapigwa, wanakijiji wenyewe wakakubaliana kuacha, na msimu wa 2013 mauaji yakakoma. Anderson anadhani kozi hawa njiani wanakula wale kereng'ende. Mvua, mdudu, ndege, wote kwenye upepo mmoja. Hapo mzee wa Chole na bwana shamba wote wako sahihi.

#18 Binti_Nzega
Huyo kozi ni mdogo kiasi gani mpaka avuke bahari?

#19 Mwana_Kisauni
Mdogo kuliko njiwa wa mjini, dada. Gramu mia na hamsini hivi.

#20 Mmanga_wa_Maskati
Kutoka Maskati, nyumbani kwa asili ni Pemba. Mzee wa Chole, hao ndege wako wa kaskazi nimewaona huku. Kuna pwani ya tope inaitwa Barr Al Hikman, wakati wa baridi ndege wa ufukweni wanazidi nusu milioni. Yule mla kaa huzaa pande hizi za Ghuba na Oman. Anachimba shimo kwenye mchanga na kutaga yai humo, joto la mchanga linasaidia kulitunza.

Na visiwani hapa kuna kozi wa rangi ya masizi. Ndege wengine huzaa mwanzo wa joto, yeye husubiri katikati ya kiangazi kikali. Kwa nini? Vifaranga wake wapate kula ndege wadogo wanaoanza kupita kutoka kaskazini kwenye mwezi wa tisa. Wakishakua, naye anaondoka kwenda Madagaska kupitia kwenu. Huyu hafuati mvua wala mchana. Anapanga uzazi wake kwa safari ya wenzake.

#21 Mpunga_Mbarali
Nyie mnasifia. Mimi ndege wahamaji ninaowajua ni kwelea kwelea. Wanafuata mvua na mbegu za nyasi, nyasi zikiisha wanageukia mpunga. Mmoja anakula kama gramu kumi kwa siku, kundi likiwa la milioni piga hesabu mwenyewe. Watoto wanashinda na makopo na kombeo tangu alfajiri.

Mwaka mmoja ndege ya kunyunyizia sumu ilikuja. Kwelea walikufa, nilifurahi. Kesho yake tukaokota mwewe, bundi na korongo wawili pembeni ya tuta. Walikula waliokufa au waliokuwa wanakufa. Wale korongo nilijisikia vibaya, sikutegemea. Tuliwafukia ili mbwa wasile.

#22 Mwalimu_wa_Baiolojia
Pole sana ndugu. Wengi hatulisemi hilo.

Nirudi kwenye swali la njia, maana #16 ameligusa. Miaka ya 1950 mtafiti wa Uholanzi, Perdeck, alihamisha kwezi zaidi ya 11,000 waliokuwa safarini, akawaachia Uswisi. Kwezi wakubwa walijirekebisha wakaelekea sehemu yao ya kila mwaka. Vijana waliendelea na uelekeo uleule wa kuzaliwa nao, wakaishia Hispania na kusini mwa Ufaransa. Kijana anazaliwa na uelekeo na muda. Ramani anaipata kwa kusafiri. Labda korongo wazee wanaijua Mbulumbulu kwa sura, vijana wanawafuata wao.

#23 Mama_Mdogo_Endabash
Mimi ndiye mama mdogo mwenyewe, mwanangu amenisomea haya yote. Mnasema urefu wa mchana, mnasema wadudu. Mimi nasema wanasikia. Ng'ombe wangu anasikia radi kabla yangu, ananyanyua kichwa. Mnijibu hilo.

#24 Mwongoza_Watalii
Shikamoo mama. Njiwa waliopimwa maabara walionekana kusikia sauti nzito sana ambazo sikio la mtu halizipati, na radi inatoa sauti za namna hiyo zinazosafiri mbali. Mimi sikupingi.

#25 Mwalimu_wa_Baiolojia
Shikamoo mama. Njiwa si korongo, lakini nami hapo naona wazo lako lina miguu.

#26 Mkulima_Mbulumbulu
Wakuu narudi. Mvua ilinyesha Jumanne usiku, siku ya tisa tangu watue. Kopo nililotega lilipata kama vidole viwili. Baba anasema si mmeona. Mama mdogo anasema si mmeona. Na Jumatano saa tano, jua lilipopata nguvu, korongo wote walianza kuzunguka juu ya shamba, wakapanda, wakapanda, wakawa vumbi angani, wakaondoka. Yaani mvua imekuja, wao wameondoka! Hapo nani amemfuata nani?

Kingine: mmoja alikuwa na pete nyeusi mguuni, juu ya goti. Nimempiga picha kwa simu. Naona herufi mbili na tarakimu kama 7 au 1, zilizobaki zimezibwa na ile chokaa.

#27 Mgeni_Ujerumani
Tuma hata hizo chache! Andika rangi ya pete, mguu gani, tarehe na mahali. Vituo vya pete hupokea taarifa ya mtu yeyote. Ile chokaa iliwahi kuganda kwenye pete za chuma za zamani hadi kuumiza miguu, ndiyo maana siku hizi nyingi ni za plastiki na huwekwa juu ya goti.

#28 BwanaShamba_Mstaafu
Umepanda?

#29 Mkulima_Mbulumbulu
Nimepanda nusu.

#30 Mzee_wa_Chole
Naufukua uzi. Ni mwezi wa nne, jana vitwitwi wameondoka, kundi la kwanza. Mkulima, wako walipita kurudi?

#31 Mkulima_Mbulumbulu
Shikamoo mzee. Walipita katikati ya mwezi wa tatu, juu sana, hawakutua. Shamba lilikuwa na mahindi ya kiunoni, hapakuwa na pa kukanyaga. Baba alitolewa nje kwa kiti akawaangalia mpaka walipopotelea upande wa Natron. Ya pete nilituma, wakaniuliza kama ile ya mwisho ni 7 au 1. Nimeikuza picha mpaka imekuwa madoa. Naiweka hapa, mwenye macho mazuri anisaidie.

#32 Binti_Nzega
Mimi naona 7.

#33 Mtaita_Halisi
Hiyo ni 1, angalia kivuli.